Amana Ugenini: Benki za Nairobi na Fedha za Kongo

Katika mji wa Lubumbashi uko mtaa uitwao Kenya, wenye soko kubwa la jina hilo hilo, na jina hilo lilikuwapo miaka mingi kabla hajatokea mtu wa benki wa Nairobi aliyefikiri kuwa Kongo yaweza kumfaa. Mchuuzi mmoja wa soko hilo, mama wa makamo aliyefunga fedha zake katika pembe ya kitenge, nilimwona siku moja amesimama mbele ya dirisha la benki akifungua fundo taratibu, akatoa noti ya dola ishirini ili iingizwe katika hesabu yake. Karani aliipokea, akaiinua kwenye mwanga wa taa, akapitisha kidole ukingoni, na alipogusa mpasuko usiozidi urefu wa punje ya mchele akairudisha juu ya meza. “Mama, hii haipiti.” Mama akaitazama noti, kisha akamtazama karani. “Lakini, baba, ni nyie mulinipa, hapa hapa, juzi.” Karani hakubisha, alisema tu kwamba ndivyo amri ilivyo, na mama akaifunga tena noti yake, akaenda kwa wabadili fedha walioketi barabarani nyuma ya mabunda ya faranga, ambao waliipokea baada ya kuipunguza thamani.

Benki ile sitaitaja, kwa sababu desturi hiyo si yake peke yake. Nchi nzima hukataa dola yenye kovu, maana kila anayepewa huogopa kuwa mtu wa mwisho kuipokea. Lakini nimeianza safu yangu kwa kisa hiki kwa kuwa miaka niliyokula chumvi ya benki imenifundisha kwamba mambo ambayo wakurugenzi huyajadili kwa siku tatu mfululizo katika ukumbi wenye ubaridi, juu ya soko jipya, mtaji, hisa na tanzu, aghalabu huamuliwa mahali penye upana wa dirisha moja, baina ya karani na mtu mwenye fundo. Lugha yetu, ambayo wengi huidhania kuwa maskini katika ilimu ya fedha, imeliona jambo hili zamani: fedha iliyowekwa benki tunaiita amana, na neno hilo hilo ndilo tulitumialo kwa kitu alichokuachia jirani alipokuwa akisafiri. Benki inayovuka mpaka yaweza kununua majengo kwa siku moja na kupata leseni kwa mwaka mmoja, ilhali amana, kwa maana zake zote mbili, haiuzwi dukani. Swali ninalotaka kulipima ni hili: benki ya Nairobi iliyokwenda Kongo iliipataje, na imeifanyia nini?

Biashara ya mkopo baina ya pwani yetu na nchi ile si jambo la jana. Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, alipokuwa akipeleka misafara yake kupita Ujiji hata Nyangwe na Kasongo katika nchi ya Maniema, hakuwa akitumia mali yake peke yake. Nyuma yake alikuwapo Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja, aliyemkopesha bidhaa na kungoja miaka mpaka pembe zirudi pwani. Taria Topan hakwenda Maniema kumfuatia mdeni wake, wala hakuwa na mahakama ya kumshitakia huko. Alichokuwa nacho ni kumjua mtu, kujua jamaa zake, na kujua kwamba mdeni asiyelipa hatapata tena uzi wala bunduki kutoka kwa mfanyabiashara yeyote wa Unguja. Kwamba biashara hiyo ilichanganyika na utumwa na umwagaji wa damu hatuna haja ya kulificha, na watu wa Maniema hawajalisahau. Lakini katika utaratibu wake wa fedha ilikuwa na busara moja ambayo benki za leo huisahau: mkopo ulimfuata mfanyabiashara aliyekwisha kujulikana, haukutangulia mbele yake kwenda kumtafuta. Na Kiswahili kilichobaki nyuma ya misafara ile, ambacho leo husemwa Kalemie, Bukavu na Lubumbashi kwa lafudhi na msamiati wake, ndicho kilichomwezesha karani niliyemtaja kumwambia mama kwamba noti yake haipiti.

Sasa tuje kwa Equity, ambayo ndiyo iliyotangulia miongoni mwa benki za Nairobi kuingia Kongo kwa uzito. Asili yake ni chama cha mikopo ya nyumba kilichoanzishwa mwaka 1984 huko Murang'a, ambacho mwaka 1993 wakaguzi walikikuta kimefilisika kwa kila kipimo isipokuwa jina, zaidi ya nusu ya mikopo yake ikiwa hailipwi. Kilinusurika kwa kuwageukia watu ambao benki kubwa zilikuwa zikiwafukuza mlangoni, yaani wakulima wa majani ya chai, wachuuzi na walimu, na kwa kuondoa masharti ya kima cha chini na ada za kila mwezi zilizokuwa zikila akiba ya maskini. Mwishoni mwa mwaka 2004 kikawa benki kamili, na mwaka 2006 hisa zake zikaanza kuuzwa katika soko la Nairobi. Baada ya hapo ilianza safari za nje: Uganda mwaka 2008 kwa kununua benki ya mikopo midogo, Sudan Kusini mwaka 2009, Rwanda mwaka 2011, Tanzania mwaka 2012, na mwaka 2015 ikanunua hisa 79 katika kila mia za ProCredit Bank Congo, benki ya wafanyabiashara wadogo iliyokuwa imeanzishwa Kinshasa miaka kumi nyuma na kampuni yenye makao yake Frankfurt.

Watu wengi hutaja sheria ya mwaka 2016, ambayo iliziwekea benki za Kenya mpaka wa riba usiozidi pointi nne juu ya kiwango cha Benki Kuu na ikadumu hata Novemba 2019, kuwa ndiyo iliyozisukuma nje. Sheria hiyo iliziongezea haraka, sikatai. Ila ProCredit ilinunuliwa kabla yake, na hapo pana dalili kwamba sababu yenyewe ni ya ndani zaidi. Kenya ni soko lenye benki nyingi zinazogombea mishahara ile ile na wenye maduka wale wale. Upande wa pili wa maziwa ipo nchi ya watu wanaokaribia au kupita milioni mia, yenye shaba na kobalti ambayo dunia haina budi kuinunua, na ambamo aliye na hesabu benki ni mtu wa kuonyeshwa kidole. Mtu wa hesabu akiziona idadi hizo mbili, ya watu na ya wenye hesabu benki, zimeandikwa bega kwa bega hushikwa na shauku, na shauku katika kazi yetu ni kitu cha kutiliwa hadhari.

Benki inayotaka kuingia nchi ngeni ina milango mitatu. Wa kwanza ni kujenga yenyewe tangu msingi, kama KCB, benki nyingine ya Nairobi, ilivyofanya Tanzania mwaka 1997 na Juba mwaka 2006. Ni njia ya heshima lakini ni ndefu, kwa kuwa wateja wazuri wamekwisha shikwa na wenyeji, na anayekuja mbio kwenye tawi jipya aghalabu ni yule aliyekataliwa kwingine. Wa pili ni kununua benki ndogo na kuikuza. Wa tatu ni kununua benki kongwe. Equity ilipita mlango wa pili mwaka 2015, na baada ya miaka michache ya kuona jinsi mlango huo ulivyo mwembamba, ikaugeukia wa tatu. Mwezi wa Agosti 2020, katikati ya maradhi ya korona, ilikamilisha kununua hisa 66.53 katika kila mia za Banque Commerciale du Congo, yaani BCDC, kutoka kwa jamaa ya George Forrest, kwa dola milioni 95, baada ya bei ya kwanza ya milioni 105 kuteremshwa. Serikali ya Kongo ikabaki na hisa zake, karibu robo. Benki mbili zikaunganishwa zikaitwa EquityBCDC, na leo ndiyo tanzu kubwa kupita zote ilizo nazo nje ya Kenya, na nchini Kongo hutanguliwa na Rawbank peke yake.

Jambo moja la mwaka huo halitajwi sana, nami nalihesabu kuwa ndilo linaloonyesha tadbiri yao kuliko hotuba zote. Mwaka mmoja kabla, Equity ilikuwa imetangaza kwamba itachukua kutoka kwa Atlas Mara benki za nchi nne kwa mpigo, Rwanda, Tanzania, Zambia na Msumbiji, kwa kubadilishana hisa. Maradhi yalipoingia, makubaliano hayo yaliachwa. Ya Kongo hayakuachwa. Yalipunguziwa bei tu. Mtu anayekimbia nyumba inayoungua huonyesha kwa kitu alichobeba mkononi ni kipi alichokithamini.

Na alichobeba ni nini hasa? BCDC ilianzishwa mwaka 1909 kwa jina la Banque du Congo Belge, mwaka mmoja baada ya Ubelgiji kulichukua koloni kutoka mikononi mwa Mfalme Leopold, na kwa miaka mingi ndiyo iliyotoa hata noti za nchi. Ilikuwa benki ya makampuni ya madini, ya wamisheni na ya wakubwa, na mchuuzi wa soko la Kenya kule Lubumbashi asingeota kuingia humo. Lakini ilikuwa imebaki imesimama. Kwa mtu wa Nairobi hilo laweza kuonekana sifa ndogo. Hatuna budi kueleza kwa nini kwa Mkongo aliyepita miaka hamsini ni sifa kubwa, kwa sababu bila ya kujua fedha ya nchi ile imewatenda nini wenyewe, hakuna mpango wa benki unaoweza kueleweka.

Wakati wa Krismasi ya mwaka 1979 serikali ya Mobutu ilitangaza ghafla kwamba noti za zaire tano na zaire kumi si fedha tena. Mipaka ikafungwa, na watu wakapewa siku chache tu za kuzibadili, tena kwa kiasi kilichowekewa mpaka, hata mkulima wa mbali aliyeweka akiba ya mavuno chini ya kitanda akaamka na karatasi. Mwaka 1991 mjini Kinshasa ukaporomoka mchezo wa fedha wa mtu aitwaye Bindo, uliokuwa umeahidi kurudisha mali mara nyingi kuliko iliyowekwa, na kwa kuwa benki za halali zilikuwa hazitoi fedha za wateja wao, watu wengi walikuwa wameuona mchezo huo kuwa ndiyo benki. Septemba ya mwaka huo huo askari wasiolipwa wakaipora miji. Januari 1993 askari walilipwa kwa noti mpya ya zaire milioni tano; wenye maduka wakaikataa, na askari wakapora tena, na balozi wa Ufaransa akauawa katika machafuko hayo. Baadaye mwaka huo ikaletwa zaire mpya, na watu wa Kasai, kwa ukaidi ambao mimi naona ulikuwa na hekima ndani yake, wakakataa kuipokea, wakaendelea na noti zao za zamani, wakasalimika kwa kiasi na moto uliowaunguza wengine, ambapo mwaka 1994 bei nchini zilipanda karibu mara mia. Faranga ya sasa ililetwa mwaka 1998. Kwa hesabu hiyo, mama niliyemwona Lubumbashi, akiwa na umri wa miaka hamsini, alikuwa amekwisha kushuhudia sarafu mbili zikifa mikononi mwake. Ndiyo sababu fundo lake lilikuwa na dola.

Dola hiyo, inayompa mgeni moyo kwa kuwa haiporomoki, ndiyo inayomfunga mikono. Zaidi ya sehemu nane kwa kumi za amana katika benki za Kongo ni dola, na nyingi katika hizo mwenyewe aweza kuzitoa siku apendayo. Benki Kuu ya Kongo haichapi dola. Siku watu wote watakapozitaka zao kwa pamoja, haipo hazina ya nchi ya kuikopesha benki noti hizo, na noti zenyewe huletwa kwa ndege kutoka ng'ambo. Kwa hiyo mwenye benki mwangalifu huweka sehemu kubwa ya amana mahali anapoweza kuzifikia upesi, aghalabu katika benki za nje ya nchi, na hukopesha kwa muda mfupi, wateja wachache, waliojulikana, makampuni yanayouza shaba au kuingiza chakula. Riba ikiwa haitoshi, faida hutafutwa katika ada: ada ya kutuma, ya kupokea, ya kutoa, ya kushika tu. Benki ya namna hiyo yaweza kupata faida nzuri sana. Lakini ukiitazama kwa jicho la Murang'a ya baada ya mwaka 1993, ambako mkulima aliweka shilingi yake na jirani yake akakopeshwa ng'ombe wa maziwa, utaiona imekuwa sanduku imara kuliko benki: inatunza fedha za Wakongo, na kuzikopesha Wakongo ni kazi inayoigusa kwa ncha ya kidole.

Hapa pana lawama yangu, nayo haiwaendei wakurugenzi peke yao, huwaendea pia waandishi wa magazeti ya biashara wanaozinakili tarakimu bila kuzigeuza. Tanzu ya Kongo sehemu kubwa ya hesabu zake ni za dola. Hesabu za kundi zima huandikwa kwa shilingi ya Kenya. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 123. Mwishoni mwake ilikuwa kama 156. Dola mia zilizokaa Kinshasa bila kufanya kazi yoyote mwaka ule ziliongezeka kwa zaidi ya robo katika daftari la Nairobi, na sifa za ukuaji zikaimbwa. Mwaka uliofuata shilingi ikarudi kwenye 129, na dola zile zile zikanywea. Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee walisema. Nami naongeza kwamba mali yenye daftari la sarafu mbili yaweza pia kuzaliwa bila habari. Sudan Kusini ilikwisha kuwaonyesha watu wa benki wa Kenya upande mwingine wa jambo hili, pale paundi ya nchi ile ilipoachiliwa Desemba 2015, ikashuka kwa siku moja kutoka karibu tatu kwa dola hata kupita kumi na nane, na faida za miaka ya nyuma zikawa kama chumvi iliyotiwa majini.

Kuhusu sheria nitapita upesi, si kwa kuwa ni jambo dogo, bali kwa kuwa dawa yake yajulikana. Kongo iliingia mwaka 2012 katika umoja wa sheria za biashara wa OHADA, uliojengwa juu ya mapokeo ya Kifaransa, na wakili wa Nairobi aliyelelewa katika mapokeo ya Kiingereza hukuta rehani, dhamana na ufilisi vina majina mengine na taratibu nyingine. Ardhi nayo ni mali ya serikali, na mtu hupewa haki ya kuitumia tu, haki ambayo kwa mgeni ina muda maalumu. Anayenunua benki kongwe hununua pia mawakili wake na makarani wake wanaoyajua hayo, na hiyo ni sababu nyingine ya kusifu mlango wa tatu.

Penye utajiri wa mafunzo ni kwenye mishahara. Hadi mwaka 2011 fedha za walimu na askari wa Kongo zilisafirishwa zikiwa noti ndani ya magunia, kwa ndege, kwa mtumbwi na kwa pikipiki, na kila mkono uliolishika gunia ulijikatia. Mwalimu wa ndani kabisa alipata kilichobaki, ikiwa kilibaki. Mwaka huo serikali ikaanza kuwalipa watumishi wake kupitia hesabu za benki, na kwa mara ya kwanza mamia ya maelfu ya watu wakawa na sababu ya kuingia benki isiyokuwa tamaa wala hofu. Lakini benki hazikuwa na matawi huko, na nchi yenye ukubwa wa kilomita za mraba milioni mbili na theluthi moja hivi haijengewi matawi. Hapo ndipo ilimu ya Kenya ilipofaa kweli. Uwakala, ambao sheria ya Kenya iliuruhusu mwaka 2010, unamfanya mwenye duka la sabuni na sukari kuwa dirisha la benki. Ana kitambulisho, ana kimashine, ana fedha zake mwenyewe alizozitanguliza, na anajua watu wa mtaa wake kwa majina. Nimeketi katika duka la wakala kama huyo kwa asubuhi moja, na katika watu waliokuja sikumwona hata mmoja aliyeitaja benki kwa jina lake. Wote walisema wanakwenda “kwa Papa”, yaani kwa mwenye duka. Amana waliyokuwa nayo ilikuwa kwake yeye. Benki iliazima tu.

Hilo ndilo nililolisema hapo mwanzo kwa njia nyingine: Equity ilinunua amana ya mwaka 1909 kwa wakubwa, na ikaazima amana ya wenye maduka kwa wadogo. Ya kwake yenyewe, ile ya Murang'a, haikuvuka ziwa, na nadhani wakurugenzi wake walikuwa na unyenyekevu wa kulitambua hilo mapema, tofauti na benki nyingine za kigeni zilizofika Afrika zikidhani jina lao linatosha. Jina la BCDC halikufutwa; liliunganishwa. Watu wa Kinshasa walielewa maana yake.

Lakini liko jambo ambalo benki haiwezi kulinunua wala kuliazima, nalo ni siasa ya nchi yake ya kuzaliwa. Kongo ilipotia sahihi mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mjini Nairobi, mwezi wa Aprili 2022, wenye benki waliona mlango umefunguliwa kwa nguvu ya sheria. Mwishoni mwa mwaka huo KCB ikakamilisha kununua hisa 85 katika kila mia za Trust Merchant Bank, iliyokuwa imezaliwa Lubumbashi mwaka 2004. Desemba 2023 katika mji huo huo wa Nairobi ukatangazwa muungano wa waasi unaoipinga serikali ya Kinshasa, na serikali hiyo ikamwita nyumbani balozi wake. Benki haikuwa na neno katika mambo hayo. Lakini mpita njia wa Kinshasa anayesoma neno “Kenya” katika habari za jioni hatofautishi baina ya hoteli iliyokodishwa kwa mkutano na benki inayoshika mshahara wake. Januari 2025 waasi wa M23 walipoingia Goma, mji wa mashariki, waandamanaji wa Kinshasa walizishambulia balozi kadhaa, wa Kenya ukiwa mmojawapo.

Goma yenyewe ndiko kulikofanyika mtihani. Ofisi ya Benki Kuu ilifungwa, na benki zote zikafunga, za Wakongo na za wageni. Mji wa watu zaidi ya milioni moja ukabaki bila dirisha hata moja la kutoa fedha. Wenye hesabu walikuwa nazo, tarakimu zikionekana katika simu zao bila upungufu wa senti, ila noti hazikuwapo. Wenye uwezo walivuka mpaka kwenda Gisenyi kuzitafuta, wengine walilipa ada kubwa kwa wenye kutoa fedha kwa njia ya simu, na wasio na hili wala lile walirudia upatu na kukopana unga. Sisemi benki zilikosea kufunga; karani asiye na ulinzi hawezi kuambiwa afungue kasha. Nasema kwamba mwaka 1979, mwaka 1991 na mwaka 1993 Mkongo wa mashariki alifunzwa somo moja, na mwaka 2025, bila ya mtu yeyote kukusudia, alirudishiwa somo lile lile.

Ukiniuliza ni benki gani ya Afrika Mashariki iliyoshika njia iliyo salama zaidi, nitakujibu kwa kusitasita kwamba naipenda hatua ya CRDB ya Tanzania, ingawa ni changa mno kuhukumiwa. Ilifungua tanzu Lubumbashi mwaka 2023 pamoja na mifuko ya uwekezaji ya Denmark na Norway, haikununua kitu kikubwa, wala haikudai kuikamata nchi nzima. Imekwenda mahali ambako wateja wake walikuwa wamekwisha kwenda: bandari ya Dar es Salaam hupitisha shaba ya Katanga ikitoka na shehena za Katanga zikiingia, malori hupanga foleni Kasumbalesa, na wafanyabiashara wa Lubumbashi wamekuwa kwa miaka wakipanda basi au ndege kwenda Kariakoo na fundo kiunoni, wakihesabu dola zao katika vyumba vya nyumba za wageni huku mlango umefungwa kwa kitasa. Kumwondolea mtu kama huyo fundo lile, ili alipe Lubumbashi na bidhaa itolewe Dar es Salaam, ni hawala ya kale katika mavazi mapya, na ni kazi ambayo Taria Topan angeielewa bila mkalimani. Faida yake ni ndogo kuliko ya kununua benki ya miaka mia, na hasara yake ni ndogo vilevile. Equity imecheza mchezo mkubwa na mpaka sasa imeshinda kwa hesabu. Ushindi huo siupunguzi hata kwa neno moja. Ninachokataa ni kuuita ushindi wa Kongo, maadamu hatujaonyeshwa fedha hizo zimemfanyia nini mwenye nazo.

Basi kwako wewe msomaji uliye na hisa za benki hizi, na najua mko wengi baina ya Mombasa na Dar es Salaam, nina ombi moja. Utakapoitwa katika mkutano wa mwaka, nao wakakugawia kitabu kile kizito chenye picha za wakurugenzi wanaotabasamu, usiulize gawio la hisa peke yake. Simama uulize: katika kila dola mia walizowaachieni watu wa Kongo, ni ngapi zimekopeshwa watu wa Kongo, kwa muda unaozidi mwaka mmoja? Uliza jibu litolewe kwa dola, si kwa shilingi, na likae katika kumbukumbu za mkutano.